Kodi ya Mbweu na Ngitili ya Parokia



Wapendwa katika Kristo, wiki hii nilikuwa nimekusudia kuwaandikia juu ya maandalizi ya watoto wetu wa Kipaimara. Nitawaomba radhi walezi na makatekista, kwa maana jambo hilo litasubiri kidogo. Liko swali ambalo limenikalia moyoni kwa Dominika tatu mfululizo, nami nimeona si haki kulibeba peke yangu, kwa kuwa linawahusu wote wenye jembe na wenye mfugo katika parokia hii, na linanihusu mimi kabla ya wengine.

Lilianza hivi. Baada ya Misa ya pili nilikuwa nimesimama chini ya mwembe nikisalimiana na waamini, kama ilivyo desturi. Akanijia mzee mmoja, rika la marehemu baba yangu, mfugaji anayejulikana kwa ng'ombe wake na kwa ukimya wake. Tulisalimiana Kisukuma, akaniuliza hali, nikamwuliza ya mji wake na ya malisho. Kisha akasema: "Baba Paroko, nimesikia redioni kwamba huko Ulaya iko nchi inayotoza ng'ombe kodi kwa sababu ya mbweu wao. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kodi hiyo itafika kwetu lini?"

Vijana wa kwaya waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Nami, nawaungamia, nilitabasamu kwanza, kisha nikaona macho yake, tabasamu likanikauka. Mtu yule hakuwa akitania. Kwa wazee wa Usukuma, kusikia serikali inahesabu ng'ombe si habari mpya wala si habari ya kuchekesha. Baba zao walisimulia jinsi utawala wa Waingereza, katika mpango wa maendeleo ya Usukuma uliotekelezwa kuanzia mwaka 1947, ulivyowalazimisha watu kupunguza mifugo kwa sheria, kulima kwa matuta ya amri, na kulipa faini walipokaidi. Wataalamu wa siku zile walisema wanaiokoa ardhi, na ardhi kweli ilikuwa imechoka. Lakini waliiokoa kwa kiboko, wala hawakumwuliza mwenye ng'ombe. Hasira iliyozaliwa hapo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma Wasukuma kwa maelfu kujiunga na TANU.

Basi nikamwambia: "Mzee, sijui vya kutosha. Nipe muda nisome, nitakujibu." Akakubali. Alipogeuka kwenda zake akasimama, akasema neno la pili, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Nitalieleza mbele.

Nilisoma, nikaona kwamba habari ni ya kweli. Nchi yenyewe ni Denmark. Mwezi Juni 2024 serikali ya nchi hiyo ilifikia makubaliano na vyama vya wakulima, wenye viwanda, wafanyakazi, serikali za mitaa na watetezi wa mazingira, na mwezi Novemba mwaka huo huo Bunge likaridhia. Kuanzia mwaka 2030 mfugaji wa Denmark atalipa kodi kwa gesijoto inayotoka kwa ng'ombe na nguruwe wake: kroner 300 kwa kila tani inayolinganishwa na hewa ya ukaa, na kroner 750 ifikapo mwaka 2035. Hata hivyo, kwa sababu ya punguzo la asilimia 60, atakacholipa hasa ni kroner 120 mwanzoni na 300 baadaye. Kodi hiyo imefungamana na mambo mengine: kupanda misitu mipya yenye ukubwa wa hekta 250,000, na kuyarudishia maji maeneo ya ardhi oevu yaliyokaushwa zamani kwa ajili ya kilimo. Makusanyo ya miaka ya mwanzo yatarudi kwa wakulima wenyewe, yawasaidie kubadili njia zao.

Kwa nini ng'ombe? Hapa nawaomba uvumilivu kidogo, maana mambo haya hatukufundishwa shuleni, hata sisi tuliokaa seminari miaka mingi. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana tumbo lenye vyumba vinne. Ndani ya chumba kikubwa wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho, ambao huchachua majani na kuyageuza kuwa chakula. Katika kuchachua huko huzaliwa gesi iitwayo methani, na mnyama huitoa kwa mdomo anapocheua na kupiga mbweu. Watu hudhani inatoka upande wa nyuma. Sivyo, sehemu kubwa hutoka mbele. Gesi hiyo hushika joto la jua kuliko hewa ya ukaa: tani moja ya methani, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100, huipasha dunia joto takriban mara 27 kuliko tani moja ya hewa ya ukaa. Lakini haikai sana angani. Baada ya miaka kama 12 sehemu kubwa inakuwa imekwisha, tofauti na hewa ya ukaa inayoweza kudumu karne nyingi.

Mashamba ya mpunga nayo hutoa methani, kwa maana udongo uliofunikwa na maji kwa miezi hukosa hewa, na vijidudu wa aina ile ile hustawi matopeni. Mbolea ya chumvichumvi ikizidi mahitaji ya mmea hutoa gesi nyingine, oksidi ya naitrasi, iliyo kali zaidi ya methani. Tena tukate msitu na kuuchoma tupate shamba, hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa katika miti na udongo hufunguliwa. Ukijumlisha kilimo, mifugo na ukataji wa misitu duniani kote, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kwamba jumla hiyo, kwa mwaka 2019, ilikuwa yapata asilimia 22 ya gesijoto yote itokanayo na kazi za binadamu. Nyingi ya zilizobaki zinatokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia. Tusisahau hilo, kwa maana wako watakaopenda sana kumtazama ng'ombe ili wasiitazame mitambo yao.

Nilisoma pia habari za nchi ya pili, nayo ni New Zealand. Huko karibu nusu ya gesijoto yote ya nchi hutokana na kilimo, kwa sababu nchi nzima inaishi kwa maziwa, nyama na sufu. Mwaka 2003 serikali ilipendekeza tozo ndogo kwa mifugo, ili fedha zigharimie utafiti. Wakulima wakaandamana, mbunge mmoja akapandisha trekta kwenye ngazi za Bunge, na tozo ikafa. Mwezi Oktoba 2022 serikali nyingine ikaleta pendekezo jipya. Wakulima wakatoka tena barabarani na matrekta yao. Mwezi Juni 2024, mwezi ule ule Denmark ilipokubaliana, serikali iliyofuata ilitangaza kwamba inakiondoa kilimo katika mpango wa kulipia gesijoto.

Nchi zote mbili ni tajiri na zina wakulima waliosoma. Moja ilifika, nyingine ilirudi nyuma. Mimi si mchumi, wala sidai kujua sababu zote. Ila nimeona jambo moja ambalo hata mwenyekiti wa kitongoji analijua: pale Denmark, mkulima aliketi mezani kabla hesabu haijafungwa, naye akaambiwa fedha yake itarudi kwa njia gani. Hata hivyo hakufurahi, na wako wakulima wa huko wanaonung'unika mpaka leo. Watetezi wengine wa mazingira nao wanasema kodi yenyewe ni ndogo mno. Lakini makubaliano yalipatikana.

Wapendwa, katika kusoma hayo alinijia akilini Zakayo. Tunamkumbuka kwa ufupi wake na kwa mkuyu aliopanda. Tunasahau kwamba alikuwa mtu wa kodi, na kwamba wokovu ulipoingia nyumbani mwake yeye alitoa hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hakusema "nasikitika" akaishia hapo. Alitaja kiasi, akamtaja na atakayepokea. Toba isiyo na hesabu mara nyingi ni machozi tu, na machozi hukauka.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba nchi za kaskazini zina deni la kiekolojia kwa nchi za kusini, na katika Laudate Deum wa Oktoba 2023 akalalamika kwamba dunia inachelewa kuchukua hatua. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya jibu langu kwa mzee ni hii: hapana, si haki mfugaji wa Usukuma atozwe kodi ya mbweu. Ng'ombe wa Denmark ni kiwanda cha maziwa. Ng'ombe wa hapa ni benki, ni mahari, ni jembe la kukokotwa, ni samadi ya shamba, ni ada ya mtoto, ni gari la wagonjwa usiku. Tena mchango wa nchi yetu katika kuchafua anga ni mdogo mno ukilinganisha na mataifa yaliyochoma makaa ya mawe kwa zaidi ya miaka 200. Kumtoza mwenye ng'ombe wanane wa kukonda kodi sawa na mwenye banda la ng'ombe mia tatu ni kuichukua senti ya mjane kwa nguvu, wakati yeye aliitoa kwa upendo.

Ningependa kuishia hapo. Waamini wengi wangefurahi nami ningepigiwa makofi. Lakini ukweli una upande wa pili, na padre asipousema atakuwa anawauzia watu wake faraja.

Upande wa pili ni kwamba ng'ombe wetu, mmoja mmoja, hana unafuu tunaomdhania. Anakula nyasi kavu zisizo na nguvu, anatembea mbali kutafuta maji, anachukua miaka mingi kukua, na maziwa yake ni lita moja au mbili. Katika miaka hiyo yote anapiga mbweu. Ukigawa methani yake kwa lita za maziwa anazotoa, kila lita yetu imeichafua anga mara kadhaa kuliko lita ya Ulaya. Siyo kosa la ng'ombe, wala la mchungaji wake peke yao. Ni njaa ya kiangazi, magonjwa, uhaba wa wataalamu wa mifugo vijijini, na malisho yaliyokwisha. Maana yake ni kwamba kilicho chema kwa anga, katika jambo hili, ni kile kile kilicho chema kwa mfugaji: malisho bora, chanjo, madume bora, ng'ombe wachache zaidi walio na afya zaidi. Serikali yetu, katika ahadi zake za mwaka 2021 chini ya Mkataba wa Paris, ilisema itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na hali ambavyo ingekuwa bila hatua zozote. Ahadi hiyo haiwezi kutimia huku wakulima na wafugaji wakiwa nje ya mlango.

Na sisi Wasukuma hatuanzi sifuri. Walio na umri wangu na zaidi wanakumbuka Shinyanga ilivyokuwa. Tangu miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa kwa maelfu ya hekta ili kuua mbung'o. Kisha ikaja pamba, ikaja tumbaku upande wa Kahama, ikaja operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, watu wakahamishwa wakaziacha ngitili zao. Ngitili, kwa msomaji asiye wa kwetu, ni eneo la malisho ambalo babu zetu walilifunga wakati wa masika, mtu asichunge wala asikate, ili nyasi ziwepo kiangazi ndama na wagonjwa wasife. Mambo yalipoharibika, mkoa wetu ukawa unaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tuliouita HASHI, ukadumu hadi mwaka 2004. Mwanzoni wataalamu walihimiza kupanda miche ya vitalu. Baadaye wakawa na unyenyekevu wa kuwauliza wazee, na wazee wakawaambia habari za ngitili. Vijiji vikatunga sheria ndogo, walinzi wa jadi wakasimamia, na migunga ikachipua yenyewe kutoka katika visiki vilivyodhaniwa vimekufa. Mwaka 1986 zilihesabika kama hekta 600 tu za ngitili mkoani. Ndani ya miaka kama 15 zilikwisha kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya Ikweta na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kila mgunga ulioota ulifunga hewa ya ukaa shinani na ardhini, na kila ndama aliyeshiba kiangazi alikua upesi. Wakati ule hatukulijua neno "gesijoto". Tulijua nyasi, kuni, asali na dawa. Sera ikafanikiwa kwa sababu ilizungumza lugha ya mwenye ng'ombe.

Sasa nafika mahali nilipokuwa nakuahirisha kufika.

Neno la pili la mzee yule, alipogeuka, lilikuwa hili: "Na ile ngitili ya parokia, Baba Paroko, kodi yake atalipa nani?"

Wengi wenu mnaijua habari. Parokia yetu ilikuwa na ngitili ya ekari 9, iliyotolewa zamani na kaka yake mzee huyo, ambaye sasa ni marehemu. Aliitoa kwa neno moja la masharti: ndama wa wajane waruhusiwe kuchunga humo miezi ya Septemba na Oktoba. Miaka miwili iliyopita, tulipoishiwa fedha za kuezeka kanisa, lilitolewa wazo katika Halmashauri ya Walei kwamba ngitili ile ifyekwe, mkaa uuzwe, na mahali pake pachimbwe majaruba ya mpunga yawe mtaji wa parokia. Katika kikao kile wawili walipinga. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kikao, na mimi ndiye niliyetia sahihi. Nilisema, nakumbuka maneno yangu, kwamba nyumba ya Mungu haiwezi kuvujiwa huku sisi tunalinda miiba.

Mkaa ulitupatia bati za upande wa kulia. Mpunga wa mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Mwaka wa pili mvua zilichelewa, zikaja kwa hasira, zikavunja kingo za majaruba, tukavuna magunia 11 tu. Na kiangazi kilichofuata, mama mmoja mjane wa jumuiya iliyo jirani alipoteza ndama wawili kwa njaa. Hakuja kunilaumu. Alileta zaka yake kama kawaida. Mimi niliipokea, wala sikuyaunganisha mambo hayo mawili mpaka mzee aliponiuliza habari ya kodi.

Hivyo kodi ile ilikwisha kulipwa. Aliilipa mjane, tena bila bunge wala makubaliano, bila punguzo la asilimia 60. Nikaelewa kwamba katika jambo hili la tabianchi hakuna nchi wala parokia isiyotoza. Mazingira yakiharibika, kodi hutozwa tu; tofauti ni kama imeandikwa na kupewa mwenye uwezo, au imeachwa ianguke yenyewe juu ya aliye chini kabisa. Sera njema ni ile inayoandika hesabu mapema, hadharani, na kumpelekea mwenye mabega.

Nilikwenda nyumbani kwa mzee siku ya Jumatano. Nilikwenda kwa miguu, kwani nilihitaji ule mwendo. Nilimweleza ya Denmark na ya New Zealand, akasikiliza kwa makini, akauliza bei ya ng'ombe huko, akashangaa. Kisha nikamwomba radhi juu ya ngitili ya kaka yake. Alinyamaza muda mrefu. Akasema: "Visiki umeving'oa?" Nikamjibu kwamba vingi vilibaki kwenye kingo na upande wa juu, maana trekta lilishindwa. Akasema: "Basi havijafa." Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Tulikunywa maziwa mtindi, nikarudi.

Dominika iliyopita, baada ya Misa, Halmashauri ya Walei ilikutana. Nilitaka niwaeleze kilichoamuliwa, ili msisikie vijiweni. Ekari 5 za upande wa juu zitafungwa tena kuwa ngitili kuanzia masika haya. Visiki vitaachwa vichipue, tutapunguza machipukizi na kubakiza yenye nguvu, na haki ya ndama wa wajane itaandikwa katika daftari la parokia na kupelekwa serikali ya kijiji iingie katika sheria ndogo, ili paroko atakayekuja baada yangu asiweze kuifuta kwa sahihi moja.

Ekari 4 za chini zitabaki majaruba, kwa kuwa chakula nacho ni haki. Lakini tutajaribu kulima kwa namna nyingine, ambayo wengi mtafurahi kusikia kwamba ilianzishwa na padre. Padre Henri de Laulanié, Mjesuiti Mfaransa, alifika Madagascar mwaka 1961, akakaa na wakulima wa mpunga akijifunza kwao. Mwaka 1983, miche ya kitalu ilipohamishwa ikiwa na siku 15 tu kwa sababu ya shida ya mvua, yeye na wanafunzi wake walishangaa kuona inazaa machipukizi mengi kuliko miche mikubwa. Kutokana na hapo aliunganisha kanuni ambazo leo zimeenea katika nchi nyingi: kupanda miche michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi pana kama sentimita 25, kutumia mboji, kupalilia mapema kwa kipalizi, na kuacha udongo ukauke kidogo kabla ya kuulowesha tena badala ya kuuzamisha majini msimu mzima. Alifariki mwaka 1995, kabla ya dunia kuanza kupima faida ya pili ya njia hiyo: udongo unaopata hewa mara kwa mara hutoa methani pungufu, mara nyingi kwa theluthi moja hadi nusu. Yeye alitafuta tu chakula cha maskini. Kwetu sisi tunaotegemea mvua, kuongoza maji si rahisi kama penye mifereji, na palizi itakuwa nyingi zaidi. Kwa hiyo tunaanza na ekari moja, tuone.

Na paa? Upande wa kushoto wa kanisa utabaki na turubai kwa mwaka mwingine, pengine miwili. Najua kwaya ndiyo inayokaa upande huo. Najua pia alichosema mjumbe mmoja kikaoni, kwa uchungu wa haki: "Wazungu wameitia dunia moshi miaka yote hiyo, leo sisi ndio tukose bati?" Sikuwa na jibu la kumnyamazisha, na sidhani kwamba anastahili kunyamazishwa. Nilimwambia tu kwamba deni la wakubwa lidaiwe, tena kwa sauti, katika mikutano yao na kwa njia ya serikali yetu. Fedha wanazoahidi zifike hadi kijijini, wala zisiishie katika semina za mjini. Lakini ndama wale wawili hawakufa kwa moshi wa Ulaya peke yake. Walikufa pia kwa sahihi yangu, na sehemu hiyo siwezi kumdai mwingine.

Nawaomba mambo matatu. Wenye ngitili za familia, msizifyeke kwa shida ya mwaka mmoja. Njooni kwanza tuzungumze. Wajumbe wa serikali za vijiji waliomo miongoni mwetu, wakija watu wa biashara ya kaboni na mikataba yao, ulizeni mbele ya mkutano mkuu wa kijiji nani atapata nini, na kwa miaka mingapi, kabla hamjaweka kidole gumba. Kanuni za biashara hiyo zipo tangu mwaka 2022, daini kusomewa. Na wafugaji, mkiitwa kwenye vikao vya sera, nendeni, hata kama ni siku ya mnada. Kiti kisichokaliwa na mwenye ng'ombe kitakaliwa na mtu asiyemjua ng'ombe.

Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, tutakutana kule ngitilini na majembe kuweka mipaka. Mzee amesema atakuja. Kwaya pia mnakaribishwa, hasa mliocheka. Mimi nilicheka pamoja nanyi, basi tufanye kazi pamoja.

Mwenyezi Mungu, aliyemkabidhi mwanadamu bustani na kumpa humo kazi mbili kwa pamoja, ya jembe na ya ulinzi, awabariki ninyi, mifugo yenu na mashamba yenu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.

Ni mimi Paroko wenu.